SOMO LA FEDHA: SEDI YA GHANA NA KASHA LA CHAMA

Jina la sedi, fedha ya Ghana, latokana na neno la Kiakani lenye maana ya kauri, yaani simbi zilizotumika zamani kununulia bidhaa. Sedi ilianzishwa mwaka 1965 mahali pa pauni ya Ghana.

Mwezi Machi 1979, bei za vitu zikiwa zimepanda mno, Serikali ilibatilisha noti zote ili kupunguza fedha zilizozagaa. Aliyeleta noti mkononi alipewa sedi 7 mpya kwa kila 10 za zamani, na kwa viwango vikubwa alipewa pungufu ya hapo. Amana za benki hazikuguswa. Hivyo mkulima aliyeficha sedi 1,000 nyumbani alibaki na 700. Mwenziwe aliyeziweka benki alibaki na 1,000 zake.

Mwaka 2007 sedi 10,000 zilifanywa 1. Safari hiyo hakuna aliyepunjwa, kwani bei, mishahara na madeni viligawanywa kwa kadiri ile ile.

Makatibu wazingatie: kufuli huzuia mwizi, haizuii noti kubatilishwa. Mapato ya chama yapelekwe benki upesi, na stakabadhi ionyeshwe kamati.

Swali la majadiliano: Je, usiku wa leo kasha la chama chenu limelaza fedha kiasi gani, na kwa idhini ya nani?