Guangzhou Nje ya Soko: Mafunzo Niliyopata

Nauza vyombo vya jikoni Kariakoo, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikienda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Safari ya kwanza nilikaa siku kumi na mbili bila kuona chochote cha mji ule zaidi ya hoteli, soko na bohari la wakala, na nilirudi nikijivunia hilo. Kwetu, mtu aliyesafiri na mtaji, tena mwingine wa kukopa, akionekana kwenye picha anapunga upepo kando ya mto, watu husema kaenda kutembea. Siku hizi napanga saa za mchezo kabla ya kupanga za soko. Sababu ni hizi.

1. Uchovu hula mtaji

Maonyesho ya biashara ya Canton hufanyika Guangzhou tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, na kumbi zake za Pazhou zina zaidi ya mita za mraba milioni moja. Nilizizunguka siku tano mfululizo. Usiku nilikuwa macho, napiga hesabu na kujibu simu za dukani. Siku ya sita nikaenda soko la jumla, nikawekewa mbele yangu fomu ya oda ya chupa za chai. Namba niliiona, sikuisoma. Nikasaini katoni mia mbili za chupa za nusu lita nikiamini ni za lita mbili. Mama wa Dar es Salaam hanunui chupa ya nusu lita, chai ya familia haienei humo. Muuzaji hakunidanganya, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Mzigo ule ulilala stoo zaidi ya mwaka, na mwishowe niliutoa kwa hasara.

2. Asubuhi ya kwanza, toka nje

Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Soko linapochangamka saa tatu asubuhi, mwili wako bado uko saa kumi usiku. Ikifika saa sita usiku kule, mwili unasema ni saa moja jioni na usingizi hauji. Wapo wanaomeza vidonge. Mimi dawa niliyoipata ni kutoka hotelini jua linapochomoza, hata kama nimelala kidogo, na kutembea kwa miguu dakika arobaini bila simu sikioni. Kufikia siku ya tatu nalala kama niko nyumbani.

3. Mchezo uko hadharani

Hili ndilo lililonibadilisha. Wengi wetu tunafikia mtaa wa Xiaobei, na kutoka hapo Bustani ya Yuexiu unaifikia kwa miguu. Kuingia ni bure. Humo kuna sanamu ya mbuzi watano ambayo ni alama ya mji, na mnara wa Zhenhai wa ghorofa tano, uliojengwa 1380. Lakini mimi hufuata watu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wazee wameshajaa. Hawa wanafanya taichi polepole, wale wanacheza mpira wa vinyoya bila wavu, na penye kivuli kuna duara la watu sita au saba wanaopigiana kitu chenye manyoya.

Kitu hicho wanakiita jianzi. Ni manyoya marefu yaliyochomekwa juu ya visahani vidogo vya plastiki vilivyopangana, na kinaenea kiganjani. Kikipigwa kinalia tak! Hakitakiwi kugusa chini, na mkono hauruhusiwi, kwa hiyo ni danadana tupu: goti, kisigino, ubavu wa mguu. Bibi mmoja mwenye koti jekundu, rika la mama yangu, aliniona nimesimama pembeni, akasogea hatua moja kushoto na kuniachia nafasi. Pigo langu la kwanza lilikipeleka nje ya duara. Akaenda kukiokota mwenyewe, akanishika ugoko, akaugeuza mguu wangu ndani ili nikipokee kwa ubavu wa kiatu, nisikipige kwa ncha. Baada ya robo saa nilikuwa napiga mara tatu, nne, kisha nampasia jirani. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana.

Nilirudi hotelini fulana imelowa jasho, nikaoga, nikaenda sokoni. Siku hiyo nilikagua sampuli za sufuria moja moja, nikavuta kila mkono, na zilizolegea nikazitenga. Kichwa kilikuwa chepesi.

Mchezo huohuo utaukuta kisiwani Shamian, chini ya miti mikubwa, katikati ya majumba ya zamani ya Waingereza na Wafaransa. Jioni, kwenye viwanja vya mji, akina mama huwasha spika na kucheza kwa mistari. Ukijiunga nyuma hakuna anayekufukuza.

4. Tumia siku za pengo

Maonyesho yana awamu tatu za siku tano tano. Ya majira ya vuli huwa 15 hadi 19 Oktoba, 23 hadi 27 Oktoba, kisha 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Katikati kuna siku tatu tatu. Mimi wa vyombo hufuata awamu ya pili, na zikiisha zile siku tano, siku moja ya pengo naipeleka Mlima Baiyun. Kilele chake, Moxingling, kina mita 382 tu, lakini ngazi zake zinatoa jasho. Kwa asiyeweza kupanda, kuna magari ya kamba. Nasifu vuli kwa sababu nimejaribu pia Aprili: mvua, joto la unyevu, nguo hazikauki.

5. Soka utaipata, ila uliza

Waafrika wanaoishi Guangzhou hukodi viwanja vya nyasi bandia kwa saa na kugawana gharama. Mimi nilialikwa na kaka mmoja wa Lubumbashi tuliyekutana kwenye foleni ya chakula, baada ya kunisikia nikiongea Kiswahili na simu. Tulicheza saa mbili, Wakongo, Watanzania, Wanaijeria na vijana watatu wa Kichina. Kwa kandanda la kutazama, Uwanja wa Tianhe ndiko klabu ya Guangzhou Evergrande ilikotwaa ubingwa wa Asia mwaka 2013. Klabu hiyo ilivunjwa mwanzoni mwa 2025 kwa sababu ya madeni, na inaniuma kila ninapopita pale.

6. Chai ya asubuhi inatosha kuwa starehe

Wenyeji wa biashara hupenda kukualika chakula cha jioni chenye pombe kali, na bilauri hujazwa tena na tena. Mimi situmii, na nilihangaika kukataa bila kumvunjia mtu heshima, mpaka nilipoanza kuwahi mimi kualika: tukutane chai ya asubuhi. Watu wa Guangzhou wanaithamini mno. Mnakaa saa mbili na birika na visahani vya vitafunio vya mvuke. Mtu akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao. Mara ya kwanza nilipogonga, mwenye kiwanda mmoja alicheka kwa furaha na kumwita mkewe aje kuona. Kwa Muislamu mwenzangu: kule ukisema "nyama" tu, wanaelewa nguruwe, basi uliza kila kisahani au chagua mgahawa wa halali.

7. Ijumaa na Jumapili zina watu wake

Karibu na bustani ya Lanpu kuna msikiti wenye kaburi linaloaminiwa na Waislamu wa huko kuwa la Swahaba Saad bin Abi Waqqas. Baada ya swala ya Ijumaa, nje pananukia mishikaki na mikate, na utasikia lugha za nusu ya dunia. Wakristo wana kanisa kuu la mawe, la Moyo Mtakatifu, lililokamilika 1888. Moyo wa msafiri nao unahitaji kupumzika, na hapo nimeona watu wazima wakifuta machozi.

8. Beba raba

Raba zenye soli nyepesi, pasipoti mwilini, na kadi ya benki uliyoiunganisha na Alipay au WeChat kabla ya kuondoka nyumbani. Mengine utayapata kule.

Na ndugu yangu, ukifikia Xiaobei, wahi Yuexiu kabla ya saa moja asubuhi. Ikifika saa tatu, lile duara la jianzi huwa limeshavunjika.