SOMO LA NOELI: Bahili Aliyerudishiwa Maneno Yake

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Luka 16:19-31 na Luka 19:1-10

Tunamshukuru Mungu aliyetulinda mpaka tukaikaribia Noeli nyingine tukiwa hai, ingawa bado tuko mbali na makwetu.

Mwaka huu tumeona vema tujifunze kwa njia ya hadithi. Vijana wetu wengi wameisikia shuleni au wameiona katika filamu, lakini wazee wengi hawaijui. Ni hadithi ya mzee mmoja bahili wa London, jina lake Ebenezer Scrooge. Tunaomba kila familia isome somo hili kwa sauti jioni, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

MTU ALIYEIANDIKA

Hadithi hii iliandikwa na Charles Dickens, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1812. Ilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kufikia mkesha wa Noeli.

Dickens hakuusikia umaskini kwa watu. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, mjini London. Mama na wadogo zake wakahamia humo gerezani pamoja na baba. Yeye alibaki nje peke yake, akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, akibandika karatasi kwenye vikopo kwa malipo ya shilingi 6 au 7 hivi kwa juma. Baba alitoka baada ya miezi michache, lakini moyo wa mtoto yule haukusahau. Sisi tuliotawanyika na jamaa zetu njiani twaweza kumwelewa.

HADITHI KWA UFUPI

Scrooge alikuwa mfanyabiashara na mkopeshaji, mkono wa birika kabisa. Mwenzake katika biashara, Jacob Marley, alikuwa amekufa miaka saba iliyopita, siku ya mkesha wa Noeli. Karani wake, Bob Cratchit, alilipwa shilingi 15 kwa juma, na kwa fedha hiyo alilisha mke na watoto sita. Ofisini baridi ilikuwa kali, lakini Scrooge alificha makaa chumbani mwake, na karani akaota moto mdogo kama wa kaa moja.

Siku ya mkesha alikuja Fred, mtoto wa dada yake, kumwalika chakula cha Noeli. Akamfukuza. Wakaja mabwana wawili wakichangisha kwa ajili ya maskini. Scrooge akawauliza kama magereza na nyumba za kazi za maskini zimefungwa. Walipomwambia kuwa wengi wangependa kufa kuliko kuingia humo, akajibu kwamba basi na wafe, wapunguze watu waliozidi.

Tueleze kidogo. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1834, maskini aliyetaka msaada angeweza kulazimika kuingia katika nyumba hizo, na humo mume alitengwa na mke, na wazazi na watoto wao. Ndiyo maana watu walizichukia.

Usiku ule mzuka wa Marley ukamtokea Scrooge, umefungwa mnyororo wa visanduku vya fedha, funguo, kufuli na vitabu vya hesabu. Ukamwambia kwamba mnyororo huo aliutengeneza mwenyewe alipokuwa hai, na kwamba wa Scrooge ni mrefu zaidi. Kisha ikaja mizuka mitatu: wa Noeli zilizopita, wa Noeli ya sasa, na wa Noeli zijazo. Asubuhi Scrooge aliamka mtu mwingine.

JE, MKRISTO ASOME HADITHI YA MIZUKA?

Swali hili liliulizwa, na ni swali zuri. Neno la Mungu linatukataza kuwauliza wafu. Lakini hadithi hii haimfundishi mtu kwenda kwa waganga, ni mfano. Hata Bwana wetu alitoa mfano wa tajiri na Lazaro. Tajiri yule, akiwa katika mateso, aliomba mtu atoke kwa wafu akawaonye ndugu zake watano. Aliambiwa kwamba wanao Musa na manabii, wawasikilize hao.

Tazameni basi: Marley ni kama tajiri yule aliyekubaliwa ombi lake. Scrooge alipata onyo ambalo ndugu watano hawakulipata. Sisi hatutangojea mzuka. Tuna Neno, na tuna jirani anayebisha hodi.

FUNDISHO LA KWANZA: UBAHILI UNAWEZA KUZALIWA NA HOFU

Mzuka wa kwanza haukumhukumu Scrooge. Ulimpeleka shuleni kwake alipokuwa mtoto. Wenzake wote wamekwenda nyumbani kwa Noeli, yeye amebaki peke yake darasani, hakuna aliyemjia. Scrooge akalia alipojiona. Baadaye akaonyeshwa Belle, msichana aliyekuwa mchumba wake. Belle alivunja uchumba kwa sababu aliona fedha imekaa mahali pake, na kwamba kijana yule anauogopa ulimwengu kupita kiasi.

Ndugu zangu, hapa tukae kidogo. Scrooge hakuzaliwa mbaya. Aliwahi kuachwa, akauogopa umaskini, akaona fedha ndiyo ukuta. Akaujenga ukuta, akajifungia ndani yake.

Nani anaijua hofu hiyo kuliko sisi? Tulikimbia usiku tukaacha nyumba, mashamba na mifugo. Aliyewahi kupoteza vyote kwa siku moja hushika sana kile kidogo alichonacho. Tunaficha unga chini ya kitanda, tunasema, nani ajuaye ya kesho. Kuweka akiba si dhambi. Yosefu aliweka akiba Misri. Lakini Yosefu alifungua ghala watu walipoona njaa. Hofu haifungui ghala hata siku moja.

FUNDISHO LA PILI: MOYO HULAINIKA HATUA KWA HATUA

Wengi husema Scrooge aligeuka kwa sababu aliliona kaburi lake. Si kweli kabisa. Mtazameni vizuri. Alipojiona mtoto mpweke, alimkumbuka mvulana aliyekuja kuimba mlangoni pake jana yake, akatamani angempa kitu. Alipomwona Fezziwig, bwana wake wa zamani, akiwafurahisha wafanyakazi kwa sherehe ndogo, alitamani kusema neno na karani wake. Alipomwona Tim mdogo, mtoto wa Cratchit aliye kilema na mgonjwa, aliuliza kama mtoto huyo ataishi.

Kila alichokumbuka kilimfungulia macho amwone mtu mmoja. Bwana aliwaambia Israeli mara nyingi wakumbuke kwamba walikuwa wageni Misri, ili wasimwonee mgeni. Ukikumbuka ulivyolala nje mvua ikikunyeshea, hutaweza kumfungia mlango anayenyeshewa.

FUNDISHO LA TATU: MANENO YETU YATATURUDIA

Scrooge alipouliza kama Tim ataishi, mzuka wa pili ulimjibu kwa maneno yake mwenyewe: kama ni wa kufa, na afe apunguze watu waliozidi. Scrooge akainamisha kichwa kwa aibu. Alipokuwa hajamwona Tim, neno lile lilikuwa jepesi. Sasa limepata sura ya mtoto mwenye mkongojo.

Kisha mzuka ukafunua vazi lake, ukamwonyesha watoto wawili waliokonda, mvulana aitwaye Ujinga na msichana aitwaye Uhitaji. Ukamwonya awaogope wote wawili, lakini zaidi yule mvulana. Wazazi wasikie neno hili. Mtoto asiyesoma leo ni hatari kwa kesho yetu sote. Scrooge akauliza kama watoto hao hawana kimbilio. Akajibiwa tena kwa swali lake: je, magereza hayapo?

FUNDISHO LA NNE: TOBA INA HESABU YAKE

Mzuka wa tatu haukusema neno. Ulimwonyesha mtu aliyekufa peke yake. Wafanyabiashara wanaicheka maiti, wezi wanauza pazia za kitanda chake na shati lake. Walioguswa na kifo hicho ni mume na mke waliokuwa wakidaiwa, nao walipumua kwa nafuu. Nyumbani kwa Cratchit, Tim amekufa, nao wanamlilia kwa upendo. Mwisho Scrooge akasoma jina lake juu ya kaburi lile lililotupwa.

Alipoamka siku ya Noeli, hakukaa akilia tu. Alifanya mambo haya:

1. Alinunua bata mzinga mkubwa akaupeleka kwa Cratchit, bila kusema umetoka kwa nani.
2. Alikutana na mmoja wa wale mabwana waliochangisha, akamnong'oneza kiasi kikubwa cha fedha, na akasema ndani yake yamo malipo ya miaka mingi iliyopita.
3. Alikwenda kanisani, kisha akabisha hodi kwa Fred, akaomba kuingia.
4. Kesho yake alimwongezea Cratchit mshahara, akaahidi kuisaidia jamaa yake, akaamuru makaa yaongezwe ofisini.

Ndivyo alivyofanya Zakayo pia. Aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Angalieni tofauti iliyopo kati ya jambo la kwanza na la nne. Bata mzinga ni zawadi ya siku moja. Mshahara ni haki ya kila juma. Wapo wanaopenda kutoa zawadi siku ya Noeli, lakini mfanyakazi wao wa shambani hawajamlipa. Hiyo si toba ya Zakayo. Mwandishi anasema Tim hakufa, na Scrooge akawa kwake kama baba wa pili. Mtoto hakuokolewa na bata mzinga peke yake.

TULIVYOJIONA SISI WENYEWE

Tulipokuwa tunaandaa somo hili, tulijiona sisi ni akina Cratchit. Sisi ni maskini, tunangoja mgao, na matajiri wako mbali. Halafu mmoja wetu akanyamaza, kisha akatukumbusha jambo.

Tuna sanduku la wahitaji. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mnatoa kidogo kidogo, na sisi wa kamati tunalitunza. Wakati wa mvua zilizopita, mama mmoja mwenye watoto wanne alikuja kwetu. Hema la plastiki juu ya nyumba yake lilikuwa limechanika, na maji yaliingia walipolala. Sisi tulimwuliza: je, umekwenda ofisini? Mashirika hayapo? Akaenda, akaambiwa angoje. Akarudi kwetu. Tukamwambia aendelee kungoja. Sanduku lilikuwa na fedha ya kutosha. Tuliliita akiba ya siku mbaya, kana kwamba siku ile kwake ilikuwa njema.

Aliyewapokea watoto wale ni jirani yao, mjane mzee, mwenye chumba kimoja. Walilala humo majuma matatu.

Tuliposoma maneno ya Scrooge kuhusu magereza na nyumba za kazi, tuliyasikia kwa sauti zetu. Hatukuwa na mali kama yake, lakini jibu letu lilikuwa lile lile. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kunyima nako ni moyo.

Tulikwenda kwa mama yule kuomba msamaha, tukanunua plastiki mpya, na vijana wakaipandisha. Kwa mjane tulipeleka unga na blanketi. Mama alitusamehe, lakini alisema neno moja: ingefaa mje mvua ikinyesha. Tunaliandika hapa tusilisahau. Tangu sasa hesabu ya sanduku itasomwa mbele ya kanisa kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka, na mhitaji atajibiwa kabla ya siku tatu kupita.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni hofu gani tuliyotoka nayo safarini, ambayo bado inafunga mikono yetu?
2. Je, kuna neno tulilomwambia mhitaji, ambalo hatungependa kurudishiwa?
3. Je, tunashikilia kadi ya mgao ya mtu kama rehani, au tunadai riba inayomnyima mtoto chakula? Tutairudisha lini?
4. Yuko ndugu, kama Fred, anayeendelea kutualika nasi tunakataa? Nani atabisha hodi kwanza?
5. Watoto wajibu: katika darasa lako, ni nani anayebaki peke yake?

KUMALIZIA

Scrooge alikuwa mzee, na watu wote walikuwa wamekata tamaa naye isipokuwa Fred, aliyesema atakuja kumwalika kila mwaka. Basi tusimhesabu mtu yeyote kuwa amepotea, wala tusijihesabu sisi. Kila familia ichague jambo moja la kurudisha kabla ya Noeli, liwe deni, mshahara, kadi au neno la msamaha, na ilifanye bila tangazo.

Bwana atupe mioyo iliyo wazi na mikono isiyoogopa. Tunawatakia Noeli ya amani. Amina.