Saratani ya Damu Inapokutwa Mahali Isipotarajiwa

Saratani ya damu, ambayo madaktari huiita lukemia, huanzia kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa. Chembe moja changa huharibika, huzaana bila kikomo, na kizazi chake huujaza uboho hadi chembe nzima zikakosa nafasi. Kisha chembe hizo humwagika kwenye damu, na damu huzipeleka popote inapofika. Mara nyingi hutua kwenye mitoki, bandama na ini. Lakini hukutwa pia kwenye ngozi, fizi, figo, jicho, korodani, tezi dume na utando wa ubongo, na pengine hukutwa huko wakati mgonjwa anatibiwa jambo lingine kabisa.

Mfano mzuri ni lukemia sugu ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), ambayo huwapata zaidi wazee na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumuumiza mtu. Mzee wa miaka 70 anakojoa kwa shida kwa sababu tezi dume imekua. Anafanyiwa upasuaji wa kuikwangua kupitia njia ya mkojo, na vipande vilivyotolewa vinapelekwa maabara. Huko hukatwa vyembamba sana, hutiwa rangi ya waridi na zambarau, halafu huwekwa chini ya hadubini. Katikati ya vijifereji vya tezi, daktari wa patholojia anaona chembe ndogo za mviringo zimesongamana, viini vyake vyeusi, zote zinafanana. Kwa haraka mtu angedhani ni uvimbe uliotokana na maambukizi. Tofauti ni kwamba maambukizi huita chembe za aina nyingi, ilhali hapa ipo aina moja tu. Kipande hicho hupimwa tena kwa alama maalumu, zikiwemo CD5 na CD23, kisha mzee huitwa atolewe damu. Limfosaiti za aina hiyo zikifika 5,000 au zaidi katika kila maikrolita ya damu, na zikabaki hivyo kwa miezi mitatu, ugonjwa huwa umethibitika. Mitoki inayoondolewa kwenye upasuaji wa saratani ya titi nayo huwahi kufichua lukemia ya namna hii.

Hapa ndipo familia nyingi hushtuka bure. Wakisikia ugonjwa umeonekana kwenye tezi dume, hudhani umefika hatua ya nne, kama ambavyo ingekuwa kwa saratani ya titi iliyofika kwenye mapafu. Lukemia haihesabiwi hivyo. Utaratibu wa kupanga hatua zake uitwao Rai, uliotolewa mwaka 1975 na unaotumika hadi leo, huangalia wingi wa limfosaiti, mitoki, bandama, ini, upungufu wa damu na idadi ya chembe sahani. Tezi dume haimo. Mzee ambaye damu yake haijapungua na ambaye hana homa wala kukonda huenda asipewe dawa yoyote kwa miaka kadhaa, bali afuatiliwe kliniki. Kufuatiliwa huko ni matibabu kamili, si kutelekezwa.

Lukemia kali ya mieloidi haitoi nafasi ya kusubiri. Chembe zake huweza kujikusanya na kufanya uvimbe nje ya uboho, hata miezi kadhaa kabla damu haijaonyesha dalili. Allan Burns wa Scotland aliueleza uvimbe huo mwaka 1811, na baadaye ukaitwa kloroma kwa sababu ya rangi yake ya kijani, inayotokana na kimeng'enya cha mieloperoksidezi. Ukikatwa na kuachwa hewani, kijani hicho hufifia. Afrika Mashariki inaufahamu ugonjwa huu: mwaka 1965 J. N. P. Davies na R. Owor waliandika kuhusu watoto wa Uganda wenye uvimbe wa aina hiyo. Mtoto huweza kuletwa hospitali kwa sababu jicho limetokeza nje. Mahali ambapo limfoma ya Burkitt, saratani nyingine, nayo huvimbisha taya na uso wa mtoto, ni rahisi moja kudhaniwa nyingine, na dawa zake si zile zile. Kloroma hutibiwa kama lukemia kali hata pale uboho unapoonekana safi. Kuukata uvimbe peke yake hakutoshi. Aina nyingine za lukemia hii huvimbisha fizi, na mgonjwa huanza safari yake kwa daktari wa meno.

Kwa watoto wenye lukemia kali ya limfosaiti, ubongo na korodani ni maficho, kwa kuwa dawa nyingi za mishipani hazipenyi huko vizuri. Miaka ya 1960, Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, walionyesha kwamba ubongo ukitibiwa mapema, kabla ya dalili, karibu nusu ya watoto wa wakati huo waliweza kupona. Ndiyo sababu mtoto huchomwa sindano ya dawa mgongoni hata kama kichwa hakimuumi. Korodani inayovimba bila maumivu baada ya matibabu ionyeshwe kwa daktari mara moja.

Bandama inahitaji uangalifu wa pekee katika nchi zenye malaria na kichocho, kwa sababu magonjwa hayo nayo huikuza. Bandama isiyopungua baada ya tiba ya malaria inastahili kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kipimo kinachopatikana hata kwenye hospitali nyingi za wilaya.

Kila kinyama kinachotolewa mwilini, hata kikionekana cha kawaida, kipelekwe maabara. Mgonjwa au ndugu yake aulize majibu yatatoka lini, arudi kuyachukua, na ayahifadhi pamoja na kadi yake ya kliniki.