Sauti Zimenyamaza, Suruali Haifungi

Mdogo wangu wa Kasikeu, barua yako nimeisoma mara mbili. Olanzapini imekurudishia usingizi na sauti zimenyamaza, ila sasa unaamka usiku kutafuta muthokoi, yale mahindi na maharagwe, uliobaki kwenye sufuria, na suruali za chuo hazifungi. Unataka kuitupa dawa.

Usiitupe. Ukiikatiza ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Lakini usikubali pia kuitwa mlafi. Olanzapini, na mwenzake klozapini, huamsha njaa na kuchelewesha shibe kuliko dawa nyingi za kundi lao la magonjwa ya akili, na uzito hupanda kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Shida yetu Ukambani, mtu akijaza mashavu anaambiwa amepata afya. Mwaitu, yaani mama, anafurahi, majirani wanampongeza, na kupima sukari, ambayo nayo inaweza kupanda, hakumjii mtu akilini.

Mwaka 2004 vyama vya wataalamu wa kisukari na wa magonjwa ya akili huko Marekani vilitoa mwongozo: kabla ya dawa hizi kuanza, mgonjwa apimwe uzito, kiuno, presha, sukari kabla ya kula, na mafuta ya damu. Uzito urudiwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Vile vingine, isipokuwa kiuno, virudiwe wiki ya 12. Wewe hukupimwa chochote? Basi pimwa wiki hii, tuwe na mahali pa kuhesabia. Uzito ukipanda kwa asilimia 5, yaani kilo 3 kwa aliyeanza na 60, mwulize daktari bila haya: kuna dawa nyingine inayonifaa? Metformini, ile dawa ya kisukari, je, itanisaidia?

Nauli ya kwenda kliniki mjini Wote si lazima kila mara. Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mizani, mashine ya presha na ya sukari. Mtafute wa kijiji chenu, aje asubuhi kabla hujagusa chai. Mafuta ya damu ndiyo yanayotaka maabara. Hapo funga safari.

Muthokoi sikukatazi, maharagwe yake yanashibisha. Ugomvi wangu ni soda, na ile chai ya vijiko vinne vya sukari inayonywewa kutwa. Maembe ya msimu? Moja, mpenzi, si ndoo. Na tembea, shamba nalo ni mazoezi, hata kama hakuna anayekupigia makofi.

Ukiona dalili za sukari kupanda, yaani kiu isiyokatika, mkojo wa kila saa, au unakonda ghafla bila sababu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe pakiti za dawa zote unazotumia, ili daktari wa zamu asianze kukisia.