SOMO LA NYUMBANI: CHUPA YA MJANE NA SABUNI ZETU
Fungu la kusoma: 2 Wafalme 4:1-7



Yule mjane alikuwa na chupa moja ya mafuta, deni, na wana wawili ambao mdai alitaka kuwatwaa wawe watumwa. Elisha hakumtuma sokoni kwanza. Alimwambia aazime vyombo vitupu kwa majirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Watoto ndio waliomsogezea vyombo. Biashara ile ilifanyika nyumbani, watoto wakiwepo, kama hizi zetu.

Sisi tuliotoka Muhuta, kule ziwani kaskazini ya Rumonge, tumekulia chini ya michikichi. Mawese tunayajua, na ndiyo sababu akina mama wengi hapa makazini wanatengeneza sabuni. Kazi njema. Ila mjane alimimina mafuta tu. Sisi tunachanganya na kostiki soda, nayo inaunguza.

Kilo moja ya mawese inataka kama gramu 135 za kostiki na gramu 330 za maji. Tumia mizani, si kikombe. Kostiki ikizidi, sabuni itamchubua mteja, naye hatarudi. Tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Fanyia nje, mbali na watoto. Sufuria ya alumini usiiguse, maana kostiki inaila. Ndoo ngumu ya plastiki inafaa.

Sasa neno zito. Maji ya kostiki ni meupe kama maji ya kunywa. Mama mwingine huyahifadhi katika chupa ya soda, na mtoto akiona chupa ya soda anajua jambo moja tu: kunywa. Hata jina ni lile lile, soda! Chombo cha kostiki kiwe na alama, kiwe juu, kifungwe, na baba pia ajue kilipo.

Mtoto akishakunywa, usimtapishe. Kostiki iliyomchoma koo ikishuka itamchoma tena ikipanda. Msuuze kinywa, umkimbize zahanati, uende na chombo chenyewe. Ikimwagikia ngozi au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha zahanati.

Ajali nyingine ni za kucheka, japo hasara ni hasara: kuku kutembea juu ya vipande vibichi, mvua kuingia, shangazi kupita na kuondoka na vitatu "vya kujaribu". Sabuni ikae wiki nne ikauke. Kwa hiyo anayetaka kuuza kwenye maonyesho ya Siku ya Wakimbizi, Juni 20, aimimine mapema mwezi wa Mei.

Na fedha je? Elisha alipanga: uza, lipa deni, kinachobaki ule wewe na wanao. Wengi wetu tunaanza na kula. Fedha ya mawese na kostiki ikiingia kwenye unga wa jioni, mwezi ujao hakuna sabuni wala unga.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, baba akiwepo: Kostiki yetu inakaa wapi usiku? Nani alipima mara ya mwisho, na kwa nini? Fedha ya mauzo ya juzi iko mkononi mwa nani?