Dawa ya saratani ndani ya jicho?

SWALI: Mama ana kisukari na macho yamefifia. Daktari anataka kumchoma Avastin ndani ya jicho. Nimesoma kuwa ni dawa ya saratani. Je, tunafichwa jambo?

JIBU: Hamfichwi. Avastin iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Huzuia protini inayochochea kuota kwa mishipa mipya ya damu, ambayo uvimbe wa saratani huitegemea. Retina iliyokosa oksijeni kwa sababu ya kisukari hutoa protini hiyohiyo kwa wingi, basi mishipa huvuja na retina kuvimba. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Miami aliijaribu machoni, na matumizi yakaenea haraka. Bei ndiyo siri yake: chupa moja hugawanywa dozi nyingi ndogo.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 uliilinganisha na dawa mbili ghali. Kwa waliopungukiwa kidogo na uwezo wa kuona, zote zilikaribiana. Waliokuwa wakiona vibaya zaidi walinufaika zaidi na aflibercept, mojawapo ya hizo mbili ghali, baada ya mwaka mmoja. Muulizeni daktari mama yuko kundi gani, na dozi hugawanywa wapi. Uchafu hapo ni hatari.

Sindano yenyewe ni sekunde chache: matone ya ganzi, iodini, kisha sindano nyembamba kwenye weupe wa jicho. Hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Jicho likiuma sana au kuingia ukungu siku zinazofuata, arudi hospitali siku hiyohiyo, asingoje miadi.