Mtoto Kiziwi Asingoje Shule Ndipo Apate Lugha

"Ataongea tu, hata babake alichelewa." Mzazi mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajatamka neno amewahi kuambiwa hivyo na nyanya, jirani, hata na wanaomtakia mema kabisa. Wapo watoto wanaochelewa kweli. Lakini ikiwa mtoto hasikii, kila mwezi wa kungoja ni mwezi bila lugha.

Zaidi ya watoto viziwi tisa katika kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto anayesikia huokota lugha bila kufundishwa: jikoni, ndani ya matatu, kanisani au msikitini. Kiziwi hayo yote humpita. Akiwa hana wa kumwonyesha ishara, anaweza kufika darasani hajui kwamba ana jina. Miaka ya kwanza ndiyo ubongo hupokea lugha kwa wepesi zaidi, na aliyeikosa wakati huo hutatizika baadaye kusoma, kuhesabu na hata kuelewa mawazo ya wenzake. Kuna jambo zito zaidi: mtoto asiye na lugha hawezi kusema anaumwa wapi, wala ni nani aliyemdhuru.

Wazazi wengi huhofia kwamba ishara zitamfanya mtoto mvivu wa kuzungumza. Hofu hiyo haina msingi. Watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi huanza "kubwabwaja" kwa mikono, kisha hutoa ishara za kwanza karibu na umri ambao wenzao hutamka maneno ya kwanza. Hata mwenye kifaa cha kusaidia kusikia anazihitaji, kwa kuwa betri huisha na kifaa huvuliwa wakati wa kuoga na kulala.

Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, na uso ni sehemu ya sarufi hiyo. Katiba ya 2010 inaitaja katika Ibara ya 7, na Ibara ya 120 inaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ishara za kubuni nyumbani, kama kuonyesha sufuria mtu akitaka chakula, husaidia kidogo, ila hazifiki kwenye "jana", "kwa nini" au "shangazi anakuja kesho". (Neno "bubu" tuliache. Anayeitwa hivyo kijijini mara nyingi ni mtu ambaye hakuna aliyempa lugha.)

Je, uanzie wapi? Mtoto wa miezi sita hugeukia sauti. Kama wako hageuki, au hashtuki mlango ukibamizwa, mwambie mhudumu wa kliniki unapompeleka kuchanjwa na uombe apimwe masikio. Kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kinachojulikana kama EARC, hutathmini mtoto na kuelekeza mzazi kuhusu shule. Chekechea ziko chini ya kaunti, kwa hiyo uliza afisa wa elimu wa wadi yako ni ipi iliyo na mwalimu anayejua ishara.

Usingoje majibu yote ndipo uanze. Tafuta mtu mzima kiziwi aliye karibu, awe fundi au mama wa sokoni. Hakuna mwalimu bora kumzidi. Jifunze ishara chache za kila siku: maziwa, mama, lala, maumivu. Mguse mtoto begani kwanza, kaa usawa wa macho yake, na mwanga uangukie uso wako. Hawezi kutazama kikombe na mikono yako kwa wakati mmoja, basi mwache akitazame kikombe, akuangalie, ndipo uonyeshe ishara.

Kaka na dada nao wajifunze. Na watu wakicheka wakati wa chakula, mweleze hapo hapo kilichowachekesha, badala ya kumwambia angoje.